Kariakoo, Posta–Kisutu au Mlimani City: Jumamosi ya manunuzi na matembezi Dar

Mdau_wa_Ukonga: Wakuu, naomba ulinganisho. Wageni wanashuka na treni ya SGR kutoka Dodoma Ijumaa jioni, wana watoto wawili. Wanataka sare za harusi (kanga na vitenge), chakula kizuri na pa kutembea. Niwapeleke wapi?

Mtaa_wa_Zanaki: Mlimani City mvua ikiwa kubwa: maegesho, sinema, vyoo safi, bei imebandikwa. Kwa kanga na vitenge, Mtaa wa Uhuru na Kariakoo hawana mpinzani, maana maduka mengi ya huko kwingine huchukua mzigo hapohapo na kuongeza chao. Tena msichague kati ya Kariakoo na Posta, viunganisheni. Kutoka Mnazi Mmoja hadi Kisutu ni mguu tu.

Kinachoharibu siku ni mpangilio. Maduka mengi ya Posta hufungwa Jumamosi mchana, kwa hiyo anayeanza Kariakoo akafika Mtaa wa Samora saa tisa hukuta mageti. Kama kuna kitu cha Posta, kianze saa tatu asubuhi.

DotiMbili: Kwa sare nunueni pisi zote siku moja, duka moja. Mzigo unaofuata, hata ukiwa na namba ileile, rangi inaweza kupishana na kwenye picha itaonekana. Ulizeni kwanza bei ya jumla inaanzia doti ngapi au pisi ngapi.

Kanga ikunjuliwe yote kabla ya kulipa. Pindo liwe limenyooka, jina liwe katikati, na vipande viwili vya doti vifanane. Msikate dukani, ikishakatwa hairudi.

Kitenge cha yadi 6 ni karibu mita 5.5, kipimwe mbele yenu kwa sababu vingine ni pungufu. Geuzeni upande wa nyuma: kitenge kizuri cha waksi rangi imepenya pande zote mbili. Sugueni kona kwa leso nyeupe yenye maji, ikichafuka, nguo itachuja. Muuzaji akisema ni pamba, ombeni uzi mmoja mchome. Pamba huwa jivu, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Mama_Upanga: Naafiki yote isipokuwa watoto kuingia Kariakoo Jumamosi. Mikokoteni na bodaboda hazina njia yao, na mkono mmoja umeshika mzigo. Gaweni kundi. Wanunuzi waende Uhuru, watoto waende Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaban Robert. Kuna Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na magari ya Mwalimu, na bustani ya mimea iko jirani, ina kivuli cha kweli. Mkutane Kisutu baada ya magharibi, majiko ya mishkaki na kuku yanapowashwa. Mihogo na chatne kwa wasiokula nyama.

Kituo_Fire: Usafiri: gari binafsi liacheni. Ushuru wa maegesho ya barabarani usipolipwa hulimbikizwa kwenye namba ya gari. Mabasi ya Mwendokasi ya Kimara yana matawi mawili, la Gerezani linawafikisha Kariakoo, la Kivukoni linapita Kisutu na Posta ya Zamani. Someni ubao wa basi, si rangi yake. Mvua kubwa ikinyesha Jangwani hujaa maji na huduma husimamishwa, hapo lazima mzunguke.

Mdau_wa_Ukonga: Asanteni sana. Je, Jumapili?

Mtaa_wa_Zanaki: Kwa manunuzi Posta hapana, karibu kote kumefungwa. Kwa kutembea ndiyo siku yenyewe, barabara ni nyeupe. Fuateni Barabara ya Sokoine: Boma la Kale la enzi za Sultani Majid, Kanisa la Mtakatifu Yosefu, kisha Azania Front, bahari ikiwa kulia kwenu. Ingieni makanisani baada ya ibada, na mbebe maji, vibanda vya huko siku hiyo ni vichache.