Laini kubwa ya umeme: ipite shambani kwetu au izunguke mlimani?

Ng'wana Magu:
Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita wapimaji walipita kijijini kwetu, huku Mwanza, nyuma ya Kisesa kuelekea ziwani, wakachomeka vigingi vyenye rangi nyekundu. Tumeambiwa ni pendekezo la laini ya kilovolti 220. Inataka mita 30 kila upande wa kigingi, na humo ndani kuna nyumba tisa, kisima na makaburi ya wazee wetu. Mwendo wa robo saa tu kutoka hapo kuna mlima wa mawe, hakai mtu wala mbuzi. Kwa nini isipite huko? Mkutano wa kijiji ni Jumamosi, naomba hoja za kwenda nazo.

Fundi Waya:
Mlimani inawezekana ila si bure. Kila laini inapokata kona panahitajika mnara mzito zaidi kuliko ile ya mnyoofu, na mawe ya Mwanza unayajua, msingi mmoja utakula mwezi. Na kabla hujauliza habari ya kuifukia: kebo ya msongo huo chini ya ardhi inagharimu mara kadhaa ya nyaya za juu. Mimi ningekuwa wewe ningeshika fidia. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka mlipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, ikizidi hapo kuna riba, na ikipita miaka miwili uthamini unarudiwa upya. Ila na nyie msianze miembe ya usiku.

Ng'wana Magu:
Miembe ya usiku ndiyo nini tena?

Fundi Waya:
Ile inayoota kati ya siku ya kigingi na siku ya mthamini. Nimetembea na hizi laini miaka 11. Nimeshaona shamba la mihogo limelala mihogo likaamka bustani ya miembe, udongo bado umelowa maji ya ndoo.

Mama Dagaa Igombe:
Wewe fundi una dharau. Kwetu ni hapohapo anaposema huyo kijana. Mwembe wetu nimezaliwa nimeukuta. Njoo uukumbatie tuone kama vidole vyako vitakutana.

Sato Mbichi:
Mama, mthamini hakumbatii, anahesabu 😂

Jua la Utosi:
Mnalilia miembe! Treni ya umeme inajengwa kutoka Isaka hadi Mwanza, kilomita 341. Mnataka iendeshwe kwa kuni? Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, liko Rufiji. Umeme haupandi basi Dar pale Mbezi ukashuka Nyegezi, lazima upite kwenye shamba la mtu.

Ng'wana Magu:
Shamba la mtu, sawa. Lako liko wapi, mkuu?

Jua la Utosi:
Sina shamba, nimepanga Mbagala. Hiyo inabatilisha hoja?

Mama Dagaa Igombe:
Inaeleza kwa nini unaongea kwa raha. Kitongoji chetu kinaambiwa kisubiri nguzo, hata hiyo 27,000 ya kuunganishiwa hakuna wa kumpa. Sasa unakuja umeme wa kutupita kichwani kama ndege ya Dar: mngurumo tunausikia, abiria si sisi.

Fundi Waya:
Hapo mama umesema la maana, ila ujue huwezi kuchomeka nyumba kwenye 220. Lazima kituo cha kupoza kishushe hadi 33 au 11, ndipo transfoma ya mtaani imalizie. Jumamosi ulizeni hilo: kitongoji kinapata laini ndogo au hakipati?

Sato Mbichi:
Mimi nimesikia ukisimama chini yake na tyubu mkononi inawaka yenyewe. Na kansa je?

Fundi Waya:
Tyubu kweli inawaka. Kansa, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 waliiweka nguvu ya sumaku inayotoka kwenye nyaya za umeme kwenye kundi la "huenda inaleta". Baadaye kundi hilohilo likaingia dondoo ya jani zima la mshubiri. Turudi kwenye miembe: mti wa mbegu unachukua miaka mitano na zaidi kuzaa, hivyo mche hauwezi kudanganya mtu.

Bwana Shamba Mstaafu:
Wa kubebesha unazaa mwaka wa tatu, wa nne. Usizungumzie kilimo kwa kupitia nguzo, kijana.

Fundi Waya:
Mzee wangu, shikamoo. Nilisema wa mbegu.

Bwana Shamba Mstaafu:
Marahaba. Na huo dodo wa mbegu niliuona unazaa mwaka wa nne, Ukerewe. Ardhi haifanani.

Jua la Utosi:
Tumeanza na kilovolti sasa tuko kwenye dodo.

Mama Dagaa Igombe:
Wewe wa Mbagala nyamaza kidogo. Fundi, nikujibu, maana neno lako limenikaa rohoni. Baba aliupanda usiku kweli. Walitoka kumzika babu giza limeingia, akachomeka mche kichwani pa kaburi ili mvua zikilisawazisha tujue alipo. Leo halina jiwe wala saruji, alama ni mti. Mthamini akiandika "mwembe, mmoja, unaozaa", ameandika nini?

Ng'wana Magu:
Bi mkubwa, ndio ule mwembe wa karibu na kisima? Sisi watoto tulikuwa tunaurushia mawe. Tusamehe.

Fundi Waya:
Mama, samahani, sikukulenga wewe. Kaburi halimo kwenye jedwali la miti. Lina sheria yake ya 1969: wanalipa kufukua, kusafirisha na kuzika upya, na matambiko pia yametajwa. Mwambieni mtendaji aliandike mapema, hata kama halina saruji.

Mama Dagaa Igombe:
Nani kakwambia tunataka kumfukua?

Ng'wana Magu:
Wakuu, mlima je? Kona mbili tu, au tatu.

Jua la Utosi:
Ushajibiwa: mawe.

Ng'wana Magu:
Nimejibiwa ni gharama. Sijajibiwa ni shilingi ngapi, na wala kama kuna aliyeupanda huo mlima kuupima. Vigingi vimenyooka tu kama mtu amepiga rula ofisini.

Sato Mbichi:
Samahani kwa kuingilia. Kuna mwenye miche ya miembe ya kubebesha? Niko Sengerema.

Fundi Waya:
Sengerema sehemu gani?