equals inarudisha true, lakini remove inarudisha false: kwa nini objekti haiondoki kwenye orodha?

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada katika jambo ambalo limenishinda kwa siku mbili. Ninaandika programu ya kutunza kumbukumbu za wanachama kwa lugha ya Java. Kila mwanachama ni objekti ya klasi Mwanachama, yenye namba ya uanachama, jina na simu, na wote wamehifadhiwa katika ArrayList, yaani orodha ya Java. Mtumiaji anapotaka kumfuta mwanachama, huandika namba yake kwenye fomu. Nami huunda objekti mpya yenye namba hiyo, kisha huipeleka kwa remove ili orodha imtafute anayelingana nayo na kumwondoa.

Kwa kuwa nilijua kwamba Java, isipoelekezwa vinginevyo, huhesabu objekti mbili kuwa tofauti hata kama yaliyomo ni yaleyale, niliandika mwenyewe equals, yaani metodi ya kulinganisha objekti:

```java
public boolean equals(Mwanachama mwingine) {
    return this.namba == mwingine.namba;
}
```

Nikizilinganisha objekti mbili moja kwa moja, napata true. Lakini remove inarudisha false, orodha inabaki na watu walewale, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Je, ina maana ArrayList haitumii equals?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, ArrayList inatumia equals, ila si hiyo uliyoiandika. Tazama parameta yako. Klasi Object, ambayo ni mzazi wa klasi zote za Java, ina equals inayopokea Object. Yako inapokea Mwanachama. Kwa Java hizo ni metodi mbili tofauti zilizogongana jina tu, kwa hiyo hukuchukua nafasi ya ile ya mzazi, bali umeongeza ya pili pembeni yake. Unapolinganisha mwenyewe, kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako) inaona kwamba vigeu vyote viwili ni vya aina ya Mwanachama na inachagua yako. Ndani ya ArrayList mambo ni mengine: msimbo wake uliandikwa bila kujua kwamba siku moja kutakuwa na klasi iitwayo Mwanachama, kila kitu huko ni Object, na metodi inayoitwa ni ile inayopokea Object. Nayo, ikiwa haijaandikwa upya, huuliza jambo moja tu: je, hii ndiyo objekti ileile iliyomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta? Objekti yako ya fomu imeundwa sasa hivi, hivyo jibu ni hapana kwa kila mwanachama.

Andika hivi:

```java
@Override
public boolean equals(Object kingine) {
    return kingine instanceof Mwanachama m
        && m.namba == this.namba;
}
```

Mtindo huu wa instanceof unahitaji Java 16 au zaidi. Alama ya @Override, inayotangaza kwamba metodi inachukua nafasi ya ile ya mzazi, usiiache kamwe, kwa sababu ungeiweka kwenye metodi yako ya awali, kompaila ingekataa papo hapo na siku zako mbili zingeokoka. Jambo jingine ambalo wengi hawalitambui ni kwamba anayeulizwa wakati wa kuondoa ni objekti uliyoipeleka, si zile zilizomo kwenye orodha. Ikiwa una klasi mrithi yenye equals yake tofauti, jibu linaweza kubadilika kulingana na upande unaouliza, na hapo ndipo makosa magumu kufuatilia huanzia.

Muulizaji

Ahsante sana, orodha sasa inafuta sawasawa. Nilipotiwa moyo, nikabadilisha ArrayList kuwa HashSet, yaani seti isiyoruhusu kitu kurudiwa, ili mtu asiandikishwe mara mbili. Mwanachama yuleyule ameingia mara mbili, na remove imegoma tena.

Jibu la pili

HashSet haipiti kipengee kimoja kimoja kama orodha. Kwanza huiomba objekti namba yake ya heshi, yaani namba ya kuipangia mahali, kupitia metodi hashCode, na namba hiyo ndiyo inayoonyesha kapu, yaani sehemu ya seti, la kutafutia. Seti mpya huanza na makapu 16 isipoambiwa vinginevyo. Hata ndani ya kapu hulinganisha namba za heshi kwanza, na equals huitwa pale tu zinapolingana. Wewe hukuandika hashCode, kwa hiyo unatumia ya Object, ambayo kwa kawaida huzipa objekti mbili namba tofauti. Equals yako ni sahihi kabisa, lakini hakuna anayeifikia. Ongeza hii:

```java
@Override
public int hashCode() {
    return Integer.hashCode(namba);
}
```

Nakusihi usiingize simu humo. Niliwahi kufanya hivyo katika programu yangu, na mtu mmoja alipobadilisha simu, hakuweza tena kufutika. Nilichapisha seti nzima nikamwona yumo. Nikaishika objekti yake yenyewe, wala si nakala, nikaipeleka kwa remove, nikapata false. Sababu ni kwamba seti huhifadhi namba ya heshi iliyokokotolewa siku kipengee kilipoingia, na haiulizi tena hata inapoongeza makapu. Nilipomrudishia simu ya zamani, akapatikana mara moja. Ukishafika huko, unda seti mpya kutoka kwenye ile ya zamani kwa new HashSet<>(wanachama), maana hapo kila kipengee huulizwa heshi yake upya.

Jibu la tatu

Waliotangulia wameeleza vizuri, lakini mimi naona tatizo limeanzia mahali pengine. Swali la programu yako halikuwa «ni nani anayelingana na huyu?» bali «ni nani mwenye namba hii?» Kuunda mwanachama asiye na jina wala simu ili tu atumike kama chambo ni kujitafutia matatizo. Kwenye orodha ungetosheka na hii, iliyopo tangu Java 8:

```java
orodha.removeIf(m -> m.namba == namba);
```

Zingatia kwamba remove huondoa wa kwanza tu anayelingana, ilhali removeIf huwaondoa wote. Na kwa kuwa namba ndiyo utambulisho, bora zaidi ni HashMap, inayohifadhi kila kitu chini ya ufunguo wake, ambayo hapa ufunguo ni namba: inazuia kurudia, na remove yake hurudisha mwanachama aliyeondolewa, au null ikiwa hayupo.

Vyovyote utakavyochagua, kagua jibu la remove kila mara. Katika Python, remove ya orodha hutoa kosa la ValueError isipokipata kitu, na klasi iliyoandika usawa wake bila kuandika heshi haikubaliwi kwenye seti. Naamini huo ni uamuzi bora kuliko ukimya wa Java.

Muulizaji

Nimehamia HashMap yenye ufunguo wa aina ya Integer, na remove ikarudisha null kwa namba ambayo nina hakika imo. Safari hii nilikagua jibu, nikaanza kutafuta mwenyewe. Fomu yangu ilikuwa ikisoma namba kama long, aina nyingine ya namba nzima, hivyo Java iligeuza namba hiyo kuwa objekti ya Long badala ya Integer. Kwa kuwa remove hupokea Object yoyote, kompaila haikulalamika. Na equals ya Long mbele ya Integer hurudisha false hata kama zote mbili ni 7. Nimebadilisha fomu isome int, na sasa wanafutika.

Jibu la tatu

Ndivyo hasa. Sasa iondoe kabisa ile objekti ya chambo kwenye msimbo, kabla hujasahau ilikuwa ya kazi gani.