Somo la michoro ya kompyuta: tuanze na OpenGL, WebGL au pembetatu kwa prosesa?

MwalimuMaabara_Dom
Wakuu, muhula ujao nina mwaka wa tatu hapa Dodoma. Mashine za maabara ni za zamani, chipu ya michoro ni Intel HD 3000, na zinatumia Windows. Laptop za wanafunzi ni mchanganyiko. Nipo kati ya OpenGL 3.3 kwa C++ (njia ya programu kuiagiza kadi ya michoro), WebGL 2 (ndugu yake wa ndani ya brauza), au waandike wenyewe msimbo wa kuchora kwa prosesa tu, bila kadi ya michoro. Mngeanza na ipi?

sheda255
OpenGL 3.3 itakugomea hapo. Draiva ya HD 3000 kwenye Windows inaishia 3.1, hivyo glfwCreateWindow (amri ya kufungua dirisha) itarudisha NULL, yaani dirisha halitafunguka. Ukiweka Linux, draiva huria za Mesa zinaifikisha 3.3. Mimi ningechukua WebGL: hakuna kuhangaika na CMake (zana ya kujengea programu za C++), brauza tu inatosha. Pima kila mashine kwa getContext("webgl2"); ikirudi null, hiyo itumie WebGL 1. Na wasifungue faili kwa kubofya mara mbili, maana brauza itazuia moduli na picha. Waendeshe python3 -m http.server 8000, seva ndogo ya ndani ya mashine yenyewe, haihitaji bando.

DadaPikseli
Natofautiana kidogo na mkuu. Wiki tatu za kwanza ziwe za prosesa. Faili ya PPM (picha iliyoandikwa rangi ya pikseli moja moja) ya 640×480, kila pikseli ipimwe dhidi ya kingo tatu za pembetatu, kisha bafa ya kina (inayokumbuka kilicho karibu zaidi na kamera kwenye kila pikseli). Picha wanayobandika kwenye ukuta wa 3D itapinda, na hapo ndipo somo lilipo: u na v (mahali kwenye picha) zigawanywe kwa w (umbali kutoka kamera) kwenye kila kipeo, yaani kila pembe ya pembetatu, zisambazwe pamoja na 1/w, halafu zigawanywe kwa hiyo 1/w kwenye pikseli. Anayeanzia WebGL akikutana na skrini nyeusi hajui kosa ni matriksi, sheda (programu ndogo inayoendeshwa na kadi ya michoro) au kamera.

kijana_wa_Makulu
Na Three.js, ile maktaba ya 3D juu ya WebGL, je?

DadaPikseli
Iwe ya mradi wa mwisho. Mapema inaficha yote unayotaka wayaone.

sheda255
Wiki tatu sawa, nakubali. Baada ya hapo wape ardhi ya Dodoma yenyewe: data ya SRTM (vimo vya ardhi vilivyopimwa kwa rada kutoka angani), kipande S07E035, nukta 3601×3601. Wachukue moja kila nukta 20, wabaki na 181×181, yaani vipeo 32,761. Wakichukua moja kila 10 ni 130,321, na Uint16Array ya namba za vipeo inaishia 65,535; namba zinarudi sifuri kimyakimya na pembetatu zinakatiza ramani nzima. Hapo watumie Uint32Array. Kosa lingine: kwenye faili hiyo baiti kubwa inatangulia, kwa hiyo Int16Array, ambayo kwenye mashine hizo husoma baiti ndogo kwanza, itawapa milima ya miba. Wasome kwa DataView.getInt16. Thamani ya -32768 ni pengo la data, si shimo.

MwalimuMaabara_Dom
Nimewaelewa, naenda na mpango huo. Nisahihisheje bila kunakiliana?

DadaPikseli
Usitoe alama kwa picha peke yake. Mwite mwanafunzi, mwambie abadilishe near (umbali wa karibu kabisa ambao kamera inachora) kutoka 0.1 hadi 0.0001, far (wa mbali kabisa) ibaki 1000, akueleze kwa nini miteremko ya mbali inametameta. Aliyeandika mwenyewe atakuonyesha mgawanyo wa w ulivyorundika kina chote karibu na kamera.