Google Classroom kwenye shule yenye kompyuta saba na bando la simu: naomba uzoefu wenu

Mwalimu_Chamwino

Walimu wenzangu, habari za majukumu.

Ninafundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya kata wilayani Chamwino, na mkondo ninaoushughulikia zaidi ni wa Kidato cha Pili, wenye wanafunzi 52. Chumba chetu cha TEHAMA kina kompyuta kumi na moja, lakini zinazowaka ni saba. Ninacho kishikwambi tulichogawiwa baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na intaneti ninayotegemea ni bando ninalojinunulia mwenyewe. Muhula huu nimefungua darasa kwenye Google Classroom, mfumo wa kuwapa wanafunzi notsi na kazi mtandaoni, kwa sababu ni bure, na kwa sababu ninaamini mtoto wa Chamwino anastahili kujifunza kwa vifaa vilevile anavyojifunzia mtoto wa mjini.

Yamenipata mambo mawili. La kwanza ni la kipimamvua. Nyuma ya maabara tuna kipimamvua ambacho wanafunzi hukisoma kwa zamu kila siku saa 3 asubuhi, kisha hujaza milimita kwenye lahajedwali (faili la jedwali, yaani spreadsheet) moja ya Google ambayo makundi yote yanaitumia. Wiki iliyopita nilipoifungua nilikuta safu nzima ya Januari haipo. Nyote mnajua jinsi mvua zetu zilivyo chache na jinsi kila milimita ilivyo na thamani katika somo hili, hivyo niliumia sana, na watoto waliosoma kipimo kile huku wakinyeshewa waliumia kuliko mimi.

La pili ni jaribio. Niliandaa maswali ishirini ya kuchagua kwenye Google Forms, nikawagawia wanafunzi mtandao kutoka kwenye simu yangu, wakitumia kompyuta saba na vishikwambi vya walimu wenzangu. Vifaa vingine vilikataa kabisa kuunganishwa, vingine vilikatika katikati ya jaribio, na majibu ya wanafunzi wengi hayakunifikia.

Naomba msaada kwa yule aliyewahi kupita njia hii: je, data zile zinarejeshwa, na jaribio la namna hii huendeshwaje pale ambapo mtandao hautoshi?

Mwl_TEHAMA_Kongwa

Pole sana, mwalimu. Januari yako haijapotea. Lahajedwali ya Google hutunza historia ya mabadiliko yote, na mwenye haki ya kuhariri anaweza kurudi nyuma na kuiona. Tumia kompyuta badala ya kishikwambi, fungua faili lile, ingia kwenye menyu ya Faili, kisha historia ya matoleo. Upande wa kulia utaona tarehe na saa, na chini yake majina ya waliohariri, kila mmoja kwa rangi yake. Bofya toleo la siku moja kabla ya safu kutoweka, utaiona Januari yako ikiwa kamili.

Hapo nakuomba usiwe na haraka. Ukirejesha toleo lile zima, vipimo vilivyojazwa baada ya siku hiyo vitaondoka kwenye faili unaloliona. Kilicho salama zaidi ni kutengeneza nakala ya toleo la zamani, kunakili safu ya Januari peke yake, na kuibandika kwenye faili la sasa. Ukishamaliza, lipe toleo hilo jina, kwa mfano "Vipimo kamili hadi leo", kwa sababu mfumo wakati mwingine huunganisha matoleo ya zamani ili kupunguza nafasi, na toleo lenye jina ni rahisi kulipata baadaye.

Ili jambo hili lisijirudie, tumia kipengele cha kulinda safu. Unachagua safu za miezi iliyokwisha, unazifunga ili zihaririwe na wewe peke yako, na unawaachia wanafunzi safu ya mwezi huu tu. Vilevile, unapoambatisha faili kwenye kazi ya Classroom, mfumo hukuuliza kama wanafunzi walione tu, walihariri kwa pamoja, au kila mmoja atengenezewe nakala yake. Walimu wengi tunalipita swali hilo bila kulisoma. Kwa zoezi la kawaida chagua nakala kwa kila mwanafunzi. Kuhariri kwa pamoja kubaki kwa kazi kama hiyo ya kipimamvua, ambayo kwa asili yake ni ya kundi.

Kuhusu bando, mimi hufanya kazi zote za mtandaoni Jumapili jioni, pale mjini Kongwa mtandao unapokuwa mzuri. Napakia notsi za wiki nzima, kisha naipangia kila kazi siku na saa ya kutokea darasani, kwa sababu Classroom inaruhusu kupanga mapema. Kwenye kishikwambi changu nimeyachagua mafaili ninayoyahitaji yapatikane bila mtandao, hivyo hata umeme na mnara vikikatika naendelea kuandika andalio la somo, na mabadiliko hupanda yenyewe mtandao ukirudi. Jambo hili ni lazima uliwashe ukiwa bado una mtandao. Aidha, usiliwashe kwenye kompyuta za maabara zinazotumiwa na watu wengi, maana mafaili yako yatabaki humo.

Kama wanafunzi hawana akaunti, wape kiungo ambacho yeyote aliye nacho anaweza kuhariri, itawarahisishia.

Mwl_Hisabati_Makulu

Nitajibu la jaribio. Simu nyingi huruhusu vifaa kumi hivi kuunganishwa kwa wakati mmoja, na nyingine pungufu ya hapo, kwa hiyo wanafunzi wako hawakukosea lolote. Nami nilijaribu hivyo mara mbili kabla ya kuacha.

Sasa jaribio nalifanyia kwenye karatasi, kisha uchambuzi ndio naufanyia kwenye wingu, yaani kwenye faili linalohifadhiwa mtandaoni. Wanafunzi huandika herufi za majibu kwenye karatasi yenye namba 1 hadi 20. Baada ya hapo viongozi wawili wa darasa huketi nami, mmoja anasoma na mwingine anajaza lahajedwali: kila mwanafunzi mstari wake, kila swali safu yake. Kwa darasa la watu 52 inatuchukua kama saa moja na nusu. Majibu ya swali la kwanza yakiwa kwenye safu C kuanzia mstari wa 2, chini yake naandika =COUNTIF(C2:C53,"B"), na mara moja najua ni wangapi walichagua B. Nafanya hivyo kwa A, C na D pia.

Faida yake ni kubwa kuliko kupata alama tu. Mwezi uliopita niliuliza swali la kutafuta eneo la pembetatu, na jibu sahihi lilikuwa D, lakini wanafunzi 31 walichagua B. Jibu B ndilo analolipata mtu aliyezidisha kitako kwa kimo akasahau kugawa kwa mbili. Wangekuwa wametawanyika kwenye majibu yote ningesema wanabahatisha. Walipojikusanya kwenye jibu moja nilijua kuna kitu nilikifundisha vibaya, na kesho yake nilirudi ubaoni na kukifundisha upya kwa kukata mstatili wa karatasi katikati. Google Forms hukuonyesha mgawanyo huo yenyewe, kwa michoro, lakini pale ambapo vifaa havitoshi njia hii inakupa kilekile.

Mama_Mwalimu_Mpwapwa

Nawashukuru wote, lakini mdogo wangu wa Kongwa, naomba nisikubaliane na ushauri wako wa mwisho. Kiungo ambacho yeyote anaweza kuhariri ndicho pengine kilichoiondoa Januari ya mwenzetu, na anayehariri bila kuingia kwenye akaunti huonekana kwenye historia bila jina, hivyo mwalimu hawezi hata kumwita mwanafunzi na kumwelekeza kwa upole.

Ubaya mkubwa zaidi ni pale kiungo cha namna hiyo kinapobeba majina na alama. Nimeona matokeo ya darasa zima, yenye majina matatu ya kila mtoto na namba ya simu ya mzazi, yakizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wasiohusika kabisa na shule. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za watoto wetu zimo ndani yake. Mimi huweka namba badala ya majina, na orodha inayounganisha namba na majina inabaki kwenye daftari langu.

Jingine ni umri. Akaunti ya kawaida ya Google inamtaka mtu awe na miaka 13 au zaidi, na kwenye Kidato cha Kwanza tunao ambao hawajaifikisha. Tafadhali msiwaandikie tarehe za uongo za kuzaliwa. Kwa darasa la Chamwino naona inatosha kila kundi liwe na akaunti moja iliyofunguliwa na mwalimu, yenye nenosiri analolitunza mwalimu, na wanafunzi waondoke kwenye akaunti kila wanapomaliza kipindi.

Mwl_Ajira_Mpya_Bahi

Naongeza machache. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, na inagawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili. Siku hizi nakala rudufu za WhatsApp kwenye simu za Android nazo huhesabiwa humo, hivyo mwalimu akiambiwa nafasi imejaa aanzie huko kabla ya kufuta notsi. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Angalieni tu kama kitabu ni cha mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, au cha ule wa zamani.

Na kwa shule isiyo na mtandao kabisa ipo Kolibri, programu ya bure ambayo masomo yake hupakuliwa mara moja kwenye kompyuta moja, kisha kompyuta nyingine huyasoma kupitia ruta ya kawaida bila kutumia bando. Inayo menyu za Kiswahili.

Mwalimu_Chamwino

Ndugu zangu, nimeipata Januari. Nilikaa kwenye kompyuta ya mhasibu wa shule jana jioni, nikafuata maelekezo ya Kongwa hatua kwa hatua, na siku zote 31 zikarudi, pamoja na ile mvua ya milimita 42 ambayo watoto walikuwa wakiizungumzia kila siku. Aliyefuta hakuwa na jina, kama alivyosema Mama wa Mpwapwa. Nimekifunga kile kiungo, nimefungua akaunti sita za makundi, na safu za miezi iliyopita nimezilinda.

Jaribio linalofuata litakuwa la karatasi, na COUNTIF nimeshaijaribu kwenye majibu machache ya jaribio lililovurugika.

Nabaki na swali moja. Mkuu wetu wa shule ameuliza kuhusu Google Workspace for Education, yaani huduma za Google zilizoandaliwa kwa ajili ya shule, ambayo kwa shule zinazokidhi vigezo hutolewa bure. Naelewa kwamba shule inahitaji jina lake la kikoa (anwani yake yenyewe ya mtandaoni), kama yale yanayoishia na .sc.tz, na kwamba jina hilo hulipiwa kila mwaka. Kama yupo ambaye shule yake imeshapita hatua hiyo, naomba aniambie gharama waliiweka kwenye kifungu gani cha bajeti na nani alikabidhiwa usimamizi wa akaunti, ili mwalimu anayehusika akipata uhamisho asiondoke na funguo za darasa.