Dishi moja, dekoda mbili, vita nyumbani

Wandugu, niko Himbi, Goma. Nilinunua kigawanyaji, kile cha kutoa waya mbili katika moja, sokoni, nikakifunga kwenye waya wa dishi, nikaweka dekoda ya pili chumbani kwa mama. Sasa mama akiweka habari, mpira wangu sebuleni unakatika: "hakuna signali". Akihama chaneli, mpira unarudi! Nimechoka kupiga hodi kila Jumamosi.

— Kaka, kosa ni hicho kigawanyaji. Dekoda huomba chaneli kwa kutuma volti kwenye waya hadi kichwa cha dishi, kile kifaa cha mbele kinachoshika mawimbi: 13 kwa chaneli za mawimbi ya wima, 18 kwa za mlalo. Zikiombwa zote pamoja, 18 ndiyo inashinda. Mama anakushinda kwa umeme, si kwa kelele. Tafuta kichwa cha dishi chenye matundu mawili, kila dekoda na waya wake.

— Ama mtazame kitu kimoja: dekoda moja, ugawe picha inayotoka. Ila mama wa Goma na mpira wako, sijui.

— Aksanti. Kichwa nimekipata Birere. Nilipopanda juu ya bati nikakuta kiungo cha waya kimeota kutu ya kijani, maji ndani. Nimekikata, nikafunga kipya na mpira wa baiskeli. Vyote vinashika. Sasa umeme ndio umeenda.