Re: Mbunge wa upinzani anamsaidiaje mpangaji?

Habari za Jumamosi, ndugu zangu. Mwenye nyumba kanipandishia kodi dola 300 kwa mpigo. Watu wananiambia nikamwone mbunge. Wetu hapa Hamilton, Ontario, Kanada, ni wa NDP, chama cha upinzani, serikali ya jimbo la Ontario ni ya waziri mkuu wake Doug Ford, na mimi uraia bado. Niende kufanya nini?
Mama Neema, Hamilton

---

Pole sana, mdogo wangu. Nenda. Ofisi ya mbunge jimboni haikuulizi chama, na uraia unatakiwa kwenye kura tu. Ila kwanza kagua karatasi uliyopewa: lazima ikufikie siku 90 kabla ya kodi kupanda, na kodi haipandi zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12. Kisha uliza nyumba ilianza kukaliwa lini. Kama ni kabla ya 15 Novemba 2018, kuna ukomo uliowekwa na serikali. Mwaka 2025 ulikuwa asilimia 2.5. Kama ni baada ya hapo, ukomo haukuhusu, na humo zimo besimenti nyingi mpya tunazopanga sisi wageni. Hilo linaniuma mpaka leo. Lilipita mwaka 2018, baada ya chama cha Ford kushinda viti 76 kati ya 124 vya Bunge la Ontario. Upinzani ulikuwepo, lakini wingi ulishaamua.
Mama Zawadi, Scarborough

---

Shikamoo Mama Zawadi. Naongezea hapo kwenye wingi. Uchaguzi wa Ontario wa 27 Februari 2025 uliwapa Conservative, chama cha Ford, viti 80, NDP 27, Liberal 14, Kijani 2 na mgombea binafsi 1. Conservative walipata kama asilimia 43 ya kura, lakini viti karibu theluthi mbili. Liberal walipata kura nyingi kuliko NDP, ila NDP ndio upinzani rasmi, kwa sababu anayeongoza jimboni huchukua kiti chote. Na waliopiga kura hawakufika nusu ya waliostahili! Wenye uraia humu, tafadhalini, msikae nyumbani siku hiyo.

Mama Neema, ukiwapigia, anza na postikodi yako. Ndiyo inayowaonyesha kama uko jimboni kwao. Beba mkataba, ile karatasi na risiti za kodi. Mambo ya kodi ya nyumba ni ya mbunge wa Queen's Park, yaani Bunge la Ontario. Yule wa Ottawa, wa Bunge la Kanada, mwachie ya uhamiaji na pasipoti.
Baba Karim, Ottawa