Naomba ushauri: kafara ya kuua bila kukusudia, naweza kulisha masikini 60 badala ya kufunga?

Sukani_Moja
Assalaam alaykum wakuu. Mimi ni dereva wa Noah huku Tanga. Tarehe 3 Mfungo Nane (mwezi wa nane baada ya Ramadhani) niligonga mtu, akafariki palepale. Familia imeshasamehe kwa maandishi, arobaini imesomwa wiki iliyopita na mimi nilikaa jamvini kama wenzangu. Kilichobaki ni baina yangu na Mola wangu. Nimeambiwa kuna kafara. Kazi yangu ya usukani naamka saa kumi alfajiri, kufunga miezi miwili mfululizo siwezi. Nikilisha masikini 60 inatosha? Mchele nimeshanunua kilo 40, uko sebuleni. Naomba jibu fupi, silali.

Kibaba_na_Pishi
Waalaykum salaam. Jibu fupi: haitoshi.

Aya ya 92 ya Suratun Nisaa imetaja kumuacha huru mtumwa Muislamu, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Imekomea hapo. Kulisha masikini 60 kuko kwenye kafara ya dhihari (mume kumharamisha mkewe kwa kumfananisha na mgongo wa mama yake), Suratul Mujadila aya ya 3 na 4, na kwa aliyemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani. Watu wanachanganya kwa sababu zote zina miezi miwili ndani yake. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba chakula hakihamishwi kuletwa kwenye kuua. Ambaye hawezi kufunga, deni linakaa shingoni mpaka aweze. Na "siwezi" ni ya mgonjwa au mzee, si ya mtu anayeamka mapema.

Mchele wako ulipimwa vizuri lakini. Vibaba 60 ni pishi 15, kama kilo 37 na ushee. Sema ni kipimo cha kafara nyingine.

Mpwa_wa_Duga
Kilo 40 sebuleni, panya wameshaanza kufungua Ramadhani mapema 😂

Abuu_Tamim
Madereva mnaua watu kila siku halafu mnakimbilia mchele. Ingekuwa tunahukumiwa kwa sharia kamili, mikono ikikatwa na vichwa vikienda, barabara zingetulia.

Kibaba_na_Pishi
@Abuu_Tamim shekhe, mkono umeingiaje hapa? Mkono ni hadi (adhabu maalumu iliyowekwa na sharia) ya wizi, na hata huko mlango ni mwembamba: mali ifike robo dinari, yaani gramu moja ya dhahabu na kitu kidogo, iwe imetolewa mahali inapohifadhiwa, na pasiwe na shubha, yaani shaka, yoyote. Mwaka wa njaa zama za Sayyidna Umar hakukata. Kuua kwa makosa hakuna hadi wala kisasi. Kuna mambo mawili tu, dia (fidia ya damu) kwa warithi na kafara kwa Allah.

Tofauti nyingine ambayo watu hawaioni: hadi ikishamfikia hakimu haisameheki. Safwan bin Umayya aliibiwa shuka lake, mwizi alipohukumiwa akasema nimempa. Mtume (s.a.w.) akamwambia, mbona hukufanya hivyo kabla ya kumleta kwangu? Damu ni kinyume chake. Ni haki ya warithi, wanaweza kusamehe hata hukumu ikishatoka.

Mwanahamisi_K
Kaka Sukani, umesema "niligonga mtu" ukaruka moja kwa moja kwenye mchele. Ajali ilikuwaje? Wanazuoni wa sasa wanatofautisha. Mtu akijirusha mbele ya gari linalokwenda upande wake kwa mwendo halali, na dereva hana namna ya kukwepa, wengi hawamtwishi dereva chochote. Kukiwa na uzembe hata kidogo, dhamana ipo.

Sukani_Moja
Alikatiza ghafla dada.

Mwanahamisi_K
Upande wako?

Sukani_Moja
Nilikuwa nalipita lori la mkonge, kabla ya kona ya msikiti. Watu walikuwa wanatoka Magharibi. Spidi ilikuwa 60 tu wala sikuwa nimelewa. Jamani siku yake ilikuwa imefika, kadari haikwepeki. Hata shekhe aliyesoma khitma alisema hivyo.

Mwanahamisi_K
Kumbe ulikuwa upande wa pili wa barabara, kwenye kona, watu wakitoka kuswali. Hiyo ni khatwaa, kuua kwa makosa, yenye uzembe.

Na kadari usiitumie kama leseni. Kuiamini, kheri yake na shari yake, ni nguzo ya sita ya imani na inamliwaza mfiwa. Haimfutii deni aliyesababisha. Aya yenyewe imemtaja aliyeua bila kukusudia, ambaye kifo hakukipanga, na bado ikamtaka alipe na afunge.

Jini_la_Raskazone
Nafuatilia uzi. Kwani si jicho kwa jicho?

Kibaba_na_Pishi
Hiyo ni kwa aliyekusudia, Suratul Maida aya ya 45, na hapohapo pamesemwa anayesamehe ni kafara kwake. Hapa dia ni ya khatwaa, ngamia 100 kwa mafungu matano ya 20: majike wa mwaka mmoja, majike wa miaka miwili, madume wa miaka miwili, majike wa mitatu, majike wa minne. Umar alikadiria kwa wenye dhahabu dinari 1,000. Dinari ni gramu 4.25, kwa hiyo unazungumzia kilo nne na robo za dhahabu.

Sukani_Moja
Kilo nne za dhahabu? Mimi nalala na Noah ya watu.

Mpwa_wa_Duga
Ngamia 100 Tanga labda ukodishe wale wa picha za sikukuu.

Kibaba_na_Pishi
Usizimie kijana. Dia ya khatwaa hailipwi na muuaji peke yake. Wanabeba akila, ndugu zako wa kiume wa upande wa baba: kaka, ami, watoto wa ami. Kwa Shafi baba yako na wanao hawamo. Inalipwa kwa miaka mitatu, theluthi kila mwaka, tajiri nusu dinari na wa wastani robo dinari kwa mwaka. Akila wasipopatikana, na Baitul Mal (hazina ya Waislamu) hakuna, ndiyo inakurudia wewe. Bima ya gari nayo, wanazuoni wengi wa sasa wanakubali ihesabiwe ndani ya dia. Na warithi wanaweza kukubali kidogo au wasitake kitu kabisa. Wewe umesema wameshasamehe. Nani alisaini?

Sukani_Moja
Familia.

Karani_Mstaafu
Familia haina kidole gumba. Nani?

Sukani_Moja
Ami yake marehemu. Ndiye mkubwa wa ukoo. Tulikaa kwa mjumbe, mashahidi wanne, nikatoa milioni 3 na laki 6. Karatasi ninayo, ya daftari la mistari. Imeandikwa "tumesamehe kwa niaba ya familia", chini dole la wino wa bluu. Baba yake marehemu alishafariki zamani. Yupo mama yake, mke, mtoto wa kiume miaka 6 na wa kike 3. Wanawake walikuwa ndani wanalia, ungewaita wasaini vipi? Niliheshimu msiba.

Karani_Mstaafu
Basi huna msamaha, una karatasi.

Dia inarithiwa kama mali nyingine ya marehemu. Umar mwenyewe alidhani mke hana fungu kwenye dia ya mumewe, mpaka Dhahhak bin Sufyan alipomweleza kwamba Mtume (s.a.w.) alimwandikia ampe mke wa Ashyam fungu lake. Akaacha rai yake.

Sasa gawanya. Mke thumni (moja ya nane) kwa sababu kuna watoto. Mama sudusi (moja ya sita). Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja la dada yake. Asili ya mafungu ni 24, inasahihishwa kwa 72 ili yagawike bila vipande: mke 9, mama 12, mvulana 34, msichana 17. Ami hana hata moja, mtoto wa kiume kamzuia. Aliyesaini si mrithi.

Hata mke na mama wakisamehe leo kwa radhi yao, wamesamehe 21 kati ya 72. Zile 51 ni za watoto, na walii wa mtoto hana ruhusa ya kutoa sadaka mali ya mtoto. Mpaka wabaleghe waseme wenyewe.

Na kesi ya trafiki ni kitu kingine. Pale anayeshtaki ni Jamhuri. Karatasi ya familia inasaidia kuomba adhabu ipunguzwe, haifuti shtaka.

Sukani_Moja
Lakini hela nimetoa! Pikipiki nimeuza. Kwa hiyo nitoe mara mbili? Mbona huku mtaani wote wanamaliza kwa mjumbe na maisha yanaendelea.

Abuu_Tamim
Maisha yanaendelea ya nani?

Mpekuzi_Huru
Wakuu mnapoteza nguvu. Huu uzi umetungwa. Angalieni: 3,600,000 ukigawa kwa 72 unapata 50,000 kamili. Mke 450,000, mama 600,000, mvulana 1,700,000, msichana 850,000, haibaki hata shilingi. Baba kafa kabla, ami kazuiliwa, watoto mmoja mmoja kila jinsia. Hili ni swali la mtihani wa mirathi, mwanafunzi anataka afanyiwe.

Mpwa_wa_Duga
Aisee 😂 mwalimu wake yumo humu?

Jini_la_Raskazone
Nimepiga kalkuleta, kweli 50,000. Nilikuwa nimeanza kumuonea huruma.

Kibaba_na_Pishi
Hata kama ni mtihani, majibu ni yaleyale. Ila Sukani, jibu. Kwa nini 3,600,000?

Sukani_Moja
Mtihani gani ndugu zangu. Tajiri mwenye gari alitoa 2,000,000. Pikipiki nikauza 1,900,000. Laki 3 ikaenda kwenye sanda na chakula cha khitma. Iliyobaki ndiyo hiyo. Sikujua 72 mpaka leo.

Na hesabu yenu haitoki sawasawa hivyo. Mke ana mimba ya miezi mitano. Sikuandika kwa sababu niliona haihusiani na kafara.

Karani_Mstaafu
Haihusiani!

Futa 72 yangu. Kwa Shafi mimba haina idadi maalumu, huwezi kudhani ni mmoja. Wenye mafungu yasiyobadilika wapewe sasa: mke thumni, mama sudusi. Watoto wasubiri, chao chote kinashikwa mpaka ajifungue. Na eda yake si miezi minne na siku kumi tena, ni mpaka azae.

Mwanahamisi_K
Mpekuzi, aliyetunga swali angeweka mimba kwenye mstari wa kwanza.

Mpekuzi_Huru
Au ameiongeza baada ya kuumbuliwa. Nimenyamaza.

Karani_Mstaafu
Kwa vitendo sasa. Warithi wafanye kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe, wamchague msimamizi. Apeleke muhtasari na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo, pale mirathi ya Waislamu inagawiwa kwa sharia yao. Kadhi wa Bara atawashauri na kuwapatanisha, lakini hukumu yake haikazwi na dola, kwa hiyo msiishie kwake. Msimamizi akishapata barua, adai bima ya mtu wa tatu: ripoti ya trafiki, ramani ya ajali, cheti cha kifo, nakala ya bima. Usikubali tajiri akwambie bima ni yake. Ni ya aliyegongwa.

Pesa zilizokwenda kwa asiye mrithi hazijakutoa dhimma, deni bado liko shingoni. Una haki ya kumdai ami. Ziko wapi?

Sukani_Moja
Amenunua bati.

Mpwa_wa_Duga
Astaghfirullah. Ngapi?

Sukani_Moja
Sitini, geji 30, na mbao. Zimeshapigwa misumari. Lakini si kwake. Marehemu aliacha kuta zimefika kwenye linta, mke anakaa eda kwenye chumba cha kupanga. Ami alisema kabla mvua hazijaanza.

Karani_Mstaafu
Hapo pamebadilika kidogo. Nyumba ni ya warithi walewale. Ami atoe risiti zote, bati, mbao, fundi. Msimamizi azikubali kama kilichowafikia, na kilichobaki mfukoni akirudishe. Usiongeze kumlaumu mzee kabla hujaziona risiti.

Sukani_Moja
Na kufunga hakuna njia nyingine kabisa? Kuna mtu kaniambia nianze Rajabu katikati, nikimaliza shughuli.

Kibaba_na_Pishi
Ukianza katikati ya Rajabu, Ramadhani itakukuta ndani na mfululizo unakatika, unaanza upya. Wa mwisho kabisa ni kuanza tarehe mosi Rajabu, inakupa Rajabu na Shaabani kamili bila siku ya kupoteza. Ukichelewa hapo unasubiri mpaka pili ya Mfungo Mosi, maana mosi ni Idi haifungwi, na umalize kabla ya Idi ya kuchinja.

Ukianza katikati ya mwezi, mwezi wa kwanza unautimiza 30, wa pili unaufuata kwa mwandamo hata ukiwa na 29. Nia kila usiku kabla ya alfajiri, na utaje kafara. Siku moja ukila bila udhuru zote zilizotangulia zimekwenda. Hata maradhi, kwa kauli mpya ya Shafi, yanakata. Kwa Hanbali hayakati. Safari za mbali mwachie deiwaka, dereva wa kushikia.

Abuu_Tamim
Nusu ya pili ya Shaabani si haifungwi?

Kibaba_na_Pishi
Sunna isiyo na sababu ndiyo haifungwi. Kafara ni sababu.

Sukani_Moja
Leo tarehe ngapi, 21 Mfungo Tisa?

Kibaba_na_Pishi
20. Magharibi ikiingia ndiyo 21. Ukinuia usiku huu, mwezi huu ukiwa wa siku 29 utamaliza 21 Shaabani.

Sukani_Moja
Na mchele?

Mwanahamisi_K
Mpelekee aliye edani. Mpe mama mkwe wake mlangoni, usiingie. Na usiseme ni kafara.